Kisa cha boti ya faiba: tobaa huchaguliwa kuanzia kwenye tela

Shemeji yangu alinipigia simu jioni akiwa amesimama kando ya barabara ya Musoma, kabla hajafika Igoma. Alitaka nimsaidie kupata tobaa mpya ya pikapu yake, yaani chuma cha kuvutia tela, "ngumu kuliko hii." Nyuma ya sauti yake nilisikia honi na watu wakibishana. Nikamwuliza tela limebeba nini na lina uzito gani.

"Boti tu, shem. Tela lenyewe dogo tu. Yote kama kilo mia sita hivi."

Hilo "kama hivi" ndilo tulilolihangaikia wiki mbili zilizofuata, na ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki chote, maana ninavyoona gereji nyingi za hapa Mwanza zinauza na kufunga vifaa vya kuvutia tela kwa kuangalia gari. Mteja anakuja na Hilux, anaambiwa "hii ni Hilux, inavuta chochote," anafungiwa chuma kinene, anaondoka. Tela halijaonekana hata kwa macho.

Kwanza jina. Chombo hiki hakina jina moja mtaani. Kuna wanaosema tobaa, kuna wanaosema ndoano, wengine husema tu "kile cha kuvutia." Hapa nitaita tobaa ile fremu ya chuma inayofungwa chini ya gari, gololi kile kichwa cha mviringo kinachotokeza nyuma, na kikombe ule mdomo wa tela unaofunika gololi.

Kilichotokea barabarani

Shemeji alikuwa amenunua boti ya faiba Musoma, ya urefu wa mita 6.3, pamoja na tela lake la ekseli moja lililokuja nchini likiwa limetumika. Kazi yake ni kukodisha: leo Igombe, kesho Luchelele, siku nyingine wageni wanaotaka kuzunguka karibu na kisiwa cha Saanane. Ndiyo maana anahitaji kuivuta boti barabarani. Kuzunguka majini kutoka mwalo mmoja, yaani ufuko wa kuegeshea boti, hadi mwingine kunakula petroli, na ziwa likichafuka mchana unaweza kukaa unangoja mpaka usiku.

Pikapu yake ni dabo kabini ya dizeli iliyotoka Japani bila tobaa. Kabla ya safari alinunua gololi akamwambia kijana mmoja atoboe bampa ya nyuma na kuifunga pale. Safari ikaanza vizuri. Walipoipita Lamadi barabara ikanyooka, akafika kilomita 70 kwa saa, tela likaanza kutikisa mkia. Akapunguza, likatulia. Akaongeza, likaanza tena. Akaja hivyo hivyo mpaka Magu, akijiambia ni upepo wa ziwani.

Karibu na Kisesa akapanda tuta kwa kasi kidogo. Nyuma ya pikapu ikashuka, ikanyanyuka, na kikombe kikaruka kutoka kwenye gololi. Hapakuwa na mnyororo wa usalama, ila kulikuwa na kamba ya manila aliyofunga kwa mazoea ya mwaloni tu, kama mtu anavyofunga mtumbwi. Kamba hiyo ndiyo iliyolizuia tela lisiingie upande wa pili. Pua ya tela ikaburuza lami, kisha alipofunga breki tela likaja mbele na kuigonga bampa. Hakuna aliyeumia. Boti ilichubuka kidogo, bampa ikapinda.

Waliokusanyika walikubaliana wote: bampa ni hafifu, funga tobaa ya nguvu. Walikuwa sahihi kwa theluthi moja. Bampa ilikuwa hafifu kweli, bati lililoshikwa na mabano mepesi, lililotengenezwa ili mtu akanyage anapopanda nyuma. Lakini bampa haikung'oka. Kilichoachia ni kikombe. Na kutikisa mkia kule Lamadi hakukuhusiana na bampa wala kikombe. Yalikuwa matatizo matatu tofauti katika safari moja. Kama tungefunga tobaa nzito bila kuangalia zaidi, mawili kati ya hayo yangebaki, tena yakiwa yamefichwa na chuma kipya chenye rangi nzuri.

Milimita tatu

Kesho yake asubuhi nilifuta grisi kwenye gololi kwa tambara. Juu yake palikuwa na mwandiko: 1 7/8. Nikaenda kwenye tela, nikasugua kutu ubavuni mwa kikombe: 2. Ni inchi zote mbili. Kwa milimita, gololi ilikuwa 47.6 na kikombe kilitengenezwa kwa ajili ya 50.8. Tofauti ni milimita 3 na kidogo.

Kwa macho huwezi kuiona. Kinachodanganya zaidi ni kwamba komeo la kikombe hufunga vizuri kabisa juu ya gololi ndogo, tena kwa ulaini, hata mtu akaridhika. Lakini kinachokishika kikombe kisiruke ni ule mdomo mdogo wa chuma unaoingia chini ya tumbo la gololi. Gololi ikiwa ndogo, mdomo huo unashika pembeni tu. Barabara tambarare haitakuonyesha chochote. Tuta litakuonyesha.

Saizi zinazozunguka ni chache, na inafaa kuzijua kwa kichwa. Marekani hutumia inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16 ambayo ni milimita 58.7. Ulaya, Afrika Kusini na Australia wanatumia milimita 50. Hiyo 50 na inchi 2 zinakaribiana mno, tofauti haifiki hata milimita moja, kwa hiyo watu huzichanganya kila siku. Mimi sipendi. Kikombe cha 50 kikilazimishwa kwenye gololi ya 50.8 kinaweza kugoma kushuka mpaka mwisho, na hapo ndipo nyundo inapoitwa. Saizi imeandikwa juu ya gololi na ubavuni mwa kikombe. Kama mwandiko umelika, pima upana kwa kaliper.

Kupima kabla ya kununua

Tulilipeleka tela kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, Nyakato, likiwa na kila kitu kama lilivyotoka Musoma. Tukalifungua kutoka kwenye gari, likasimama peke yake juu ya bati. Mizani ikasoma 1,140.

Shemeji alinyamaza kidogo. Kisha akasema mizani ile ni ya kununulia skrepa, haiaminiki. Ikabidi tuhesabu kimoja kimoja. Tela tupu, kilo 390, maana ni chuma kitupu cha zamani. Boti yenyewe 480. Injini ya nguvu farasi 40, ya mipigo miwili, 72. Madumu mawili ya petroli ya lita 20, jumla kama 30, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Nanga 12. Kivuli cha mabomba na turubai 60. Jenereta ndogo 30. Kasha la barafu 30. Maboya ya kuokolea, kasia, kamba na betri, 36. Jumlisha: 1,140. Alikuwa ameikadiria boti tupu na tela, tena kwa kupunguza, halafu akasahau kwamba hajawahi hata siku moja kuvuta boti tupu.

Namba hiyo ilibadilisha swali lenyewe. Vitabu vya pikapu nyingi za aina hii vinaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, hata injini ya gari iwe na nguvu kiasi gani. Tela likiwa na breki kikomo hupanda hadi tani mbili na nusu au tatu na nusu, kutegemea modeli. Watu hudhani kikomo kinapimwa kwa uwezo wa kuvuta. Kuvuta ni rahisi. Kazi ni kusimama, pale unapokanyaga breki kwenye mteremko na zaidi ya tani moja nyuma yako haijui kwamba umekanyaga.

Tela la shemeji halikuwa na breki. Akapendekeza jambo la busara: vitu vidogo vyote vipande nyuma ya pikapu. Injini, petroli, nanga, kivuli, jenereta, kasha, na hivyo vingine, jumla kilo 270. Ukitoa, tela linabaki na 870. Bado limezidi kwa kilo 120. Hapakuwa na ujanja mwingine. Ama breki, ama tela jepesi zaidi. Na breki ikiwekwa, inaamua aina ya kikombe, na kikombe kinaamua gololi. Tulikuwa bado hatujagusa gari.

Uzito wa pua

Hili ndilo lililoelezea Lamadi. Tela lazima liilalie gololi kidogo. Kwa tela kama hili kiasi kizuri ni karibu asilimia 10 ya uzito wote; Wazungu wa Ulaya hukubali pungufu kidogo ya hapo, Wamarekani hupanda hadi 15. Likilala kidogo mno, uzito mwingi uko nyuma ya ekseli, na tela linakuwa kama mshale uliorushwa kwa kuanzia mkia: kila kitu kidogo kinalitaka ligeuke.

Tulitumia mizani ya kujipimia watu, ile ya kukanyaga. Tela likiwa limelala sawa, gurudumu la jeki likiwa halijagusa chini, tukasimamisha kipande cha mbao kati ya mizani na kikombe. Ikasoma 38. Kwa tela la kilo 1,140 hiyo ni asilimia 3 na kidogo. Ukiangalia boti sababu ilikuwa wazi. Injini ya kilo 72 inaning'inia nyuma kabisa, madumu ya petroli yako miguuni pa nahodha, karibu na injini, na hata nanga ilitupwa huko huko.

Kutoka kwenye kikombe hadi ekseli ni mita 4. Boti na vilivyomo ni kilo 750. Ukiisogeza mbele sentimita 25, pua inaongezeka 750 mara 0.25 gawanya kwa 4, yaani kilo 47 hivi. Petroli na nanga, kilo 42, tukivihamisha mita 2 kuelekea mbele, inaongezeka 21. Hesabu ikasema 106. Tukafungua nguzo ya winchi iliyo mbele ya tela, tukaisogeza, tukaivuta boti mpaka ikaigusa, tukahamisha madumu na nanga. Mizani ikasoma 105. Sikumbuki mara ya mwisho hesabu yangu na mizani kupatana hivyo, na shemeji aliniangalia kama mganga.

Kilo 105 zinatosha, lakini zina gharama yake kwenye gari. Gololi iko nyuma ya ekseli ya nyuma kwa mita 1.2 hivi, na kati ya ekseli mbili za pikapu kuna mita 3.085. Kwa hiyo, kama ubao wa bembea, kilo 105 kwenye gololi zinaongeza kama 146 kwenye magurudumu ya nyuma na kuyapunguzia ya mbele 41. Ndiyo maana pikapu iliyojaa mizigo nyuma na tela zito la pua huwa nyepesi kwenye usukani. Hizo kilo zihesabiwe kwenye mzigo wa gari, pamoja na abiria, pamoja na magunia ya mkaa ambayo shemeji hawezi kupita Magu bila kuyanunua.

Machaguo

Sasa ndiyo tulianza kuzungumza tobaa.

Bampa ilitoka kwenye orodha siku ya kwanza.

Jirani yake mwenye trekta alitaka tuweke pini kama ya trekta, chuma na tundu, "haitoki hata upinduke." Ni kweli kwa shambani. Lakini inagonga kila unapoondoka na kusimama, na tela zima lingehitaji mdomo mwingine. Kwa boti ya faiba sikuona sababu.

Chaguo lililokuwa na mvuto zaidi lilikuwa la fundi wa kuchomelea, mtu mzima, mkono wake mzuri sana. Nilipofika nikamwamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka, mzee," akaitikia bila kuinua kofia ya kuchomelea. Akaangalia chini ya gari, akagonga chesisi na nyundo, akasema: "Bosi, hii naichomea leo, jioni unaondoka nayo." Alikuwa na bomba la mraba zuri na sahani za milimita 10. Nilibishana naye si kwa sababu ni fundi wa mtaani. Chuma chake kilikuwa kizuri kuliko baadhi ya tobaa nilizoona zimetoka nje zikiwa zimepakwa rangi nyeusi na hazina kibati hata kimoja. Tatizo langu lilikuwa pale anapotaka kuchomea. Chesisi ni chuma chembamba kiasi, na pembeni mwa mshono wa moto chuma hubadilika tabia. Nguvu ya tela ni mshtuko unaokuja na kwenda maelfu ya mara, na ufa huanzia hapo hapo pembeni mwa mshono, hasa mshono ukikata ukingo wa chini wa chesisi kwa kupita. Nikamwuliza kama anaweza kuitengeneza ya kufunga kwa bolti ubavuni mwa chesisi, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Akasema anaweza, ila siyo leo. Kwa mtu anayevuta kilo 500 kwenda shambani na kurudi, ningekubali hapo hapo na kumlipa.

Kwa kilo 1,140 nilitaka kibati. Tobaa iliyopimwa kiwandani huja na kibati chenye namba mbili za maana. Moja ni D, inayopimwa kwa kilonewtoni, nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela. Nyingine ni S, kilo zinazoruhusiwa kuilalia gololi. D unaipata hivi: chukua uzito wa juu wa gari kwa tani, zidisha kwa uzito wa tela, gawanya kwa jumla ya hizo mbili, zidisha kwa 9.81. Pikapu ya shemeji imeruhusiwa tani 2.7. Tela tuliliandika tani 1.2, tukiacha nafasi ya samaki, maana samaki watakuwepo. 2.7 mara 1.2 ni 3.24, gawanya kwa 3.9, zidisha kwa 9.81. Inakuja 8.15. Kwa hiyo tulihitaji D isiyopungua 8.15 na S isiyopungua 105.

Ilibaki kuamua kati ya tobaa ya gololi isiyotoka na ile yenye tundu la mraba la inchi 2 ambamo unachomeka mkono wenye gololi na kuufunga kwa pini. Ya kwanza haina mchezo, haigongi, haina kitu cha kuibiwa. Ya pili ina kilegezo kidogo na inapiga kelele kwenye vumbi na makorongo. Nilichagua ya pili, kwa sababu mbili za ziwani.

Kwanza ni kimo. Kikombe cha tela likilala sawa kilikuwa sentimita 43 kutoka chini. Tundu la tobaa kwenye pikapu tupu lilikuwa 56. Pua ikiwa juu kiasi hicho boti inalala nyuma, uzito wa pua unapungua tena, na breki za tela hazisukumwi inavyotakiwa. Mkono wa kushuka sentimita 10, pamoja na gari kulala kidogo kwa mzigo, ulimaliza tofauti. Akibadilisha tela atabadilisha mkono, siyo tobaa.

Pili ni mwalo. Unarudi nyuma kwenye mchanga na mawe mpaka maji yafike karibu na ekseli, na mkono uliochomoza chini nyuma ya gari ndio wa kwanza kugonga jiwe. Ni hivyo hivyo kwenye mlango wa kivuko. Akienda Ukerewe kupitia Kisorya na Rugezi bila tela, hakuna sababu ya kuburuza chuma pale. Anauchomoa mkono, anauweka chini ya kiti. Pini tuliyonunua ni ya kufuli. Ile ya kawaida yenye kibano ingekaa siku mbili tu pale Kirumba.

Tulichofunga

Tobaa ilikuja kutoka Dar es Salaam na basi, ya modeli hiyo hiyo ya pikapu, kibati kinasoma D 11.3, S 120. Pamoja nayo kikombe kipya cha tela chenye breki za msukumo, cha milimita 50, na gololi ya 50. Breki za msukumo hazina siri: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, fimbo ndani ya kikombe inarudi nyuma na kuvuta waya wa breki za magurudumu. Zina kero moja kwenye mwalo. Ukirudi nyuma kupanda, tela linasukumwa na breki zinajishika zenyewe. Kikombe chetu kina kizuizi cha kuinua kwa mkono kabla ya kurudi nyuma. Shemeji amesahau kukiinua mara mbili hadi sasa, akadhani klachi imekufa.

Tobaa ilifungwa kwa bolti sita za daraja 8.8 ubavuni mwa chesisi, tatu kila upande, zikitanda karibu sentimita 40 ili mvuto usikae sehemu moja. Angalia kichwa cha bolti, namba imechongwa. Bolti isiyo na namba ni ya geti. Pale chesisi ilipokuwa sanduku tuliweka vipande vya bomba ndani ili bolti isiikunje inapokazwa. Mguu wa gololi nao uliingia kwenye tundu lake bila kucheza. Tundu kubwa na washa nyingi ni dalili ya gololi itakayolegea.

Minyororo miwili ya usalama ilifungwa kwenye tobaa, siyo kwenye mkono unaochomoka, na ikapita chini kwa kupishana. Ikipishana hivyo, siku kikombe kikitoka kinaangukia minyororo kama kwenye machela badala ya lami. Waya mwembamba wa tatu unakwenda kwenye breki ya mkono ya tela: tela likikatika kabisa, waya unavuta breki kabla haujakatika wenyewe.

Taa zilitaka nusu siku, na kosa lilikuwa la zamani. Plagi ya pini 7 ilikuwepo kwenye tela, lakini waya mweupe, ambao ni wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye gari, ulikuwa umekatwa. Fundi aliyetangulia aliacha umeme urudi kupitia gololi. Gololi kavu inapitisha. Ukipaka grisi, taa zinafifia, ukiwasha indiketa ya kushoto taa ya breki inakonyeza. Watu wa Magu waliopishana naye siku ile lazima walidhani ni gari la harusi.

Tulijaribu kutoka Igoma hadi Magu na kurudi. Kwenye 70 tela lilitulia. Kwenye 80 pia, ingawa nilimwambia 80 ni kwa leo tu. Matuta ya Kisesa tuliyapanda polepole, nikashuka kila mara kuangalia kikombe. Tuliporudi nilipitisha spana kwenye bolti zote sita. Mbili zilikubali robo mzunguko. Ni kawaida, rangi na chuma vinakaa mahali pake baada ya safari ya kwanza.

Kilichobaki ni beringi za tela, na hizo si kazi ya tobaa ila zinaishi naye jirani. Baada ya mwendo mrefu zinakuwa na joto. Ukiziingiza ziwani hapo hapo, hewa ndani inasinyaa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Ngoja zipoe, kunywa chai. Uzuri wetu ni kwamba maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Ndugu zetu wa Tanga wangesuuza breki hizo kila safari. Sisi tunasuuza pia, mara moja moja.

Mwezi uliopita amenipigia tena. Jirani yule wa trekta anataka kuazima pikapu avute tela lake la jenereta ya kuchomelea hadi Sengerema, kwa daraja la Busisi, kwa sababu "tobaa si ile mpya ya nguvu."

Nikamwuliza tela lina uzito gani.

"Dogo tu, shem."